Kichwa cha Muganyizi, Ubongo Wangu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimechemsha mayai sitini na mawili. Mawili yamepasuka, nimeyala. Kutoka mlimani kwangu ziwa linaonekana kipande tu, limetulia kama uji uliopoa. Ndege ya asubuhi imepita juu. Nikasimama na mwiko mkononi mpaka ikamezwa na wingu. Mimi Masele sijawahi kupanda ndege. Nimepanda paa, nimepanda punda, nimepanda hasira za watu. Ndege bado.

Lakini Jumamosi! Timu ya raga ya chuo, hawa wateja wangu wa mayai, wanacheza fainali na vijana wa chuo cha Bukoba. Mshindi anakwenda Nairobi kwa ndege. Kiti cha msaidizi ni kimoja. Wasaidizi tuko wawili: mimi, na Nathaniel mfua jezi. Kocha Chenge katamka mbele ya wote: atakayehakikisha kikosi kizima kiko uwanjani Jumamosi, ndiye atakayepanda. Nathaniel akanitazama kama doa la nyasi.

Jioni, balaa. Muganyizi, nahodha, ndiye timu yenyewe, kapigwa goti la kichwa mazoezini. Kaanguka. Kaamka. Kakimbia na mpira vizuri sana, kuelekea goli letu.

Dokta Renatha alikuwepo. Huyu mama ana utafiti wake kuhusu wachezaji wanaogongwa vichwa. Kabla ya msimu aliwaingiza wote kwenye mashine kubwa ya hospitali, akapiga picha ubongo wa kila mmoja. Sasa akigongwa mtu anarudishwa ndani ya siku mbili, apigwe picha tena, zilinganishwe. Na hachezi mpaka mama aseme ndiyo. Kamwambia Muganyizi: keshokutwa, saa mbili asubuhi.

Ndege yangu! Imeondoka bila mimi.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimekwenda bwenini na mayai manne ya pole. Muganyizi kalala gizani, kitambaa machoni. Nikamwuliza kama kichwa kinauma. Kanijibu kwamba Msukuma mwenye darasa la tano hamwulizi Mhaya wa mwaka wa tatu habari za kichwa. Nikajua mtani wangu mzima.

Halafu sauti ikashuka. Kaniambia baba yake anatoka Kagera, mara ya kwanza kuja kumwona akicheza. Mzee kashona suti. Huu ni mwaka wake wa mwisho chuoni. Akizuiwa Jumamosi hana Jumamosi nyingine. Kanishika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Nikamwambia: kwani mashine inajua sura? Nipe kitambulisho. Nitaingia mimi. Ubongo wangu haujagongwa tangu utoto, utatoka msafi kama sahani ya harusi. Kacheka, halafu kashika kichwa kwa kucheka.

Kaniuliza kama nimemletea mayai. Alikuwa anakula yai. Baada ya muda kaniuliza tena.

Njaa hiyo.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimekwenda! Muganyizi alichanika nyusi, ana plasta. Mimi nikabandika plasta nusu uso, tusibishane. Kijana wa mapokezi kaangalia kitambulisho, kaangalia plasta, kanionea huruma.

Wamenivua kila chenye chuma. Mkanda, funguo, pete ya babu. Mashine yenyewe ni sumaku, ingeninyang'anya vyote. Nikavaa gauni lisilo na mgongo. Nikalala kwenye kimeza, kimeza kikaniingiza taratibu kwenye tundu jeupe. Wakaniambia nisitikisike hata kidogo.

Jamani. Mle ndani!

Mwanzo kelele, kama mafundi bati mia wanagombania paa moja. Kisha kelele ikageuka mdundo, mdundo ukageuka wimbo. Weupe kila upande. Nikaona sasa niko angani. Mawe ya Mwanza yote chini yangu, madogo kama mayai kwenye trei. Ziwa halina mwisho. Nilikuwa kiti cha dirishani. Mhudumu wa ndege kaniuliza nataka soda gani, nikamwambia niletee zote, tuzitazame.

Katikati ya anga, sauti ya mama ikasema na mimi. Ni Dokta Renatha, yuko nyuma ya kioo, anaongea kwenye spika. Kwa Kihaya! Naye ni wa Kagera, alikuwa anamsalimia kijana wa kwao asiogope.

Mimi nilikuwa usingizini robo tatu. Nikaitikia kwa furaha kubwa, kwa Kisukuma, kwamba salama tu: "Mhola duhu!"

Spika ikakatwa. Hata mashine naona ilinyamaza kidogo.

Nilipotoka alikuwa kashaitwa wodini. Kijana wa mapokezi kaniambia dokta anashangaa Mhaya gani anaitikia kama mchunga ng'ombe wa Misungwi. Nikamwambia nimegongwa kichwa, ndugu yangu. Kaandika.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siku tamu. Nimeuza mayai yote nikiwa naelea. Nimemwuliza mwalimu mmoja kama kwenye ndege dirisha hufunguliwa. Kasema halifunguliwi. Basi nitatazama tu.

Nathaniel kaja na kapu la jezi. Kaniuliza Muganyizi kapimwa saa ngapi, maana saa mbili jana yeye alimwona bwenini, amekaa kitandani anatazama kiatu. Nikamjibu kwamba watu wengine wanafanana. Kasema hata kiatu kilifanana. Huyu mtu wivu utamwua. Akili yake yote imeishia kwenye sabuni.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Kocha kafurahi, hajapata neno lolote baya kutoka kwa dokta, kahesabu ni ndiyo. Kanipiga begani. Kaniita meneja!

Jioni nimempelekea Muganyizi habari njema. Nimemkuta nje, kajifunika uso, jua linamwumiza na lilikuwa linazama. Kanipokea kwa heshima: "Shikamoo, mzee."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina langu kwenye droo. Halafu katapika kando ya ukuta, pole pole, bila kulalamika.

Nikamwambia basi, ndugu yangu, tuseme ukweli. Kasema nikifungua mdomo undugu umekwisha. Baba yuko kwenye meli tayari, anafika asubuhi.

Nimerudi mlimani. Nimekaa juu ya jiwe. Nimejaribu kuota ndege, haikuja. Kila nikipaa namkuta Muganyizi kwenye kiti cha jirani, anaulizia mayai.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika haraka.

Uwanja umejaa. Mzee wa Muganyizi kakaa mbele na suti ya kijivu, mgongo umenyooka, kila mtu anaambiwa yule nahodha ni mwanangu. Muganyizi anafunga kamba za kiatu. Anafungua. Anafunga tena.

Dokta Renatha katokea, kashika kompyuta mpakato, anahema. Kafungua picha mbili mbele ya kocha. Hii ya kabla ya msimu, hii ya Jumatano. Ubongo una mikunjo, kasema, na mikunjo ya mtu haibadiliki kwa wiki, hata mapacha hawafanani. Na huu wa Jumatano una alama ya jeraha la zamani sana, hapa pembeni. Kamwuliza Muganyizi ni lini aliumia kichwa utotoni.

Muganyizi kasema hajawahi.

Na mimi, nikiwa nyuma na ndoo yangu ya mayai, nikasema kwa sauti ya kujivunia: "Mimi! Ndama wa baba mdogo alinipiga teke, nilizimia mpaka jioni!"

Sijui ni mdomo uliniponyoka au ni moyo. Watu wote wakageuka.

Nikasema yote. Nikasema na matapishi, na shikamoo. Muganyizi kaninyooshea kidole, kasema Msukuma umeniuza. Alikuwa ananyooshea nguzo ya goli.

Dokta hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kaniambia ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, mtu anaweza kufa uwanjani, mbele ya baba yake. Picha peke yake haioni kila kitu, ndiyo maana anahitaji mtu mwenyewe, kichwa chenyewe. Kasema mimi nimemwibia siku tatu za kumtibu huyu mtoto.

Mzee kasimama. Nikajua nakula bakora. Kavua koti la suti jipya, kamfunika mwanawe kichwani asipigwe na jua, wakaondoka pole pole kwenda kwenye gari la dokta.

Timu imeshinda bila yeye. Kwa pointi mbili! Kiti cha ndege kapewa Nathaniel.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Nimekwenda wodini kumwona Muganyizi. Anaendelea vizuri, atapona, ila hachezi mpaka apimwe tena na tena. Kaniita kwa jina langu. Nikataka kulia, nikasingizia kitunguu, wodini hakuna kitunguu.

Nikamwomba msamaha kwa kunyamaza ile Ijumaa. Kaniuliza Ijumaa ipi. Haikumbuki. Siku nzima imekwenda, kama mtu kaing'oa kwenye kalenda. Baba yake alikuwa anamenya ndizi, akaacha kumenya.

Nimetoka nimetulia sana. Nimewaza makubwa.

Hapo koridoni nikakutana na Dokta Renatha. Nikajua ni polisi. Kumbe! Kasema utafiti wake unahitaji pia watu wasiocheza raga, wa kulinganisha, na lile teke la ndama limempa hamu. Nipimwe kwa jina langu halisi, Alhamisi saa mbili. Karudia mara tatu: uje wewe mwenyewe, Masele. Wewe mwenyewe. Nikaapa kwa kaburi la babu.

Nimemwuliza kama kofia nene haiwezi kuzuia ubongo usitikisike. Kasema kofia inalinda ngozi na fuvu, ubongo unatikisika humo humo ndani kama kiini cha yai. Nimemwelewa kabisa.

Sasa, kuna mzee kule kisiwani, Nansio, anauza maboya ya zamani, yale ya kuvaa kifuani. Sponji tupu! Nikiyakata nikashona kofia za raga, nani atagongwa tena Mwanza hii? Tatizo mzee yupo Alhamisi tu, na meli inaondoka asubuhi.

Nimeshaongea na binamu yangu Shimba. Alhamisi hana kazi. Naye alipigwa teke na ndama yule yule.