Nadhiri ya Kunyamaza Njia Nzima

Jumatatu, 4 Agosti
Tumeanza kutembea. Darasa zima, mabegi mgongoni, kuelekea kanisa la kilimani. Mahujaji wameifuata njia hii tangu zama za kale. Sisi tunaifuata ili wafadhili wawanunulie watoto wasioweza kutembea, wa kliniki iliyo jirani na shule, viti vya magurudumu. Kazi njema. Sina ugomvi na watoto. Wala na kutembea. Ugomvi wangu ni na Mwalimu wa Historia: ametangaza kwamba atakayetoa shukrani kule juu ni mimi, kwa lugha zote mbili za shule, kwa sababu naongoza darasa katika zote mbili. Kuandika, Mwalimu! Naongoza kuandika! Mbele za watu sina lugha hata moja. Mara ya mwisho kusimama paredi nilisema “Mimi”, nikaketi.
Binamu yangu, niliyewekwa naye darasa moja kwa mkosi wangu, alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata! Kwenye hosteli ya mahujaji kuna picha ukutani: mtu wa zamani aliyetembea njia nzima bila kutamka neno. Nadhiri! Nani atathubutu kumlazimisha mtu avunje nadhiri? Nikamwandikia Mwalimu kwenye kikaratasi. Machozi yakamlengalenga. Akasema hakujua kama nina imani kubwa hivyo. Nikainamisha kichwa. Niliinamisha vizuri sana.

Jumatano, 6 Agosti
Kunyamaza ni raha tupu. Tatizo ni Binamu. Haamini. Ameniganda njia nzima, anawasimulia wasichana maisha yangu kwa sauti ya mnadani. Kwamba naogopa kuku. Kwamba shangazi ndiye aliyekuwa akinivalisha soksi. Kwamba nilikojoa kitandani mpaka darasa la sita. La tano! La tano! Nikanyoosha vidole vitano juu. Wasichana wakadhani nawasalimu, wakanipungia.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Habari zimetutangulia. Wenye maduka wanatoka nje kumwona kijana wa nadhiri. Muuza magodoro ameahidi viti vinne zaidi, mradi nisitoe sauti mpaka kilimani. Mwalimu kanikumbatia mbele za watu.
Halafu sista anayepokea mahujaji akatueleza desturi ya njia hii, kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Aliyetembea kimya ndiye wa kwanza kufungua kinywa kule juu. Umati wote humsubiri. Kengele haipigwi wala lango halifunguliwi mpaka atoe neno la shukrani. Nikapaliwa na mate yangu mwenyewe. Sista akauliza kama niko salama. Nikaitikia kwa kichwa. Uongo mtupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimevunja nadhiri. Kwa hila. Ikijulikana nimeongea, sitakuwa tena wa kufungua lango. Na viti? Niliamua kutofikiria viti. Nani wa kunitangaza kwa darasa zima kabla ya chai? Binamu, nani mwingine. Nikamvuta nyuma ya mabafu, nikamwambia waziwazi kwamba naongea, nimeongea, aende akaseme. Jamani! Mtu aliyetangaza habari za kitanda changu! Alijichokonoa sikio kwa kidole, akasema hajasikia kitu, labda ni upepo. Nikarudia kwa lugha ya pili. Akasema kumbe upepo wa huku umesoma.
Kisha akaacha kucheka. Akasema watoto wa kliniki anawajua. Kila Jumamosi huenda kuwabeba mgongoni wakatazame mpira, maana viti havitoshi. Sikuwahi kujua. Nikaona aibu kidogo. Akaongeza kwamba, isitoshe, hawezi kukosa kuniona nikitetemeka kule juu. Aibu ikaisha.

Jumamosi, 9 Agosti
Kilimani. Umati! Watoto wa kliniki wameletwa kwa basi, wamewekwa mbele kabisa. Wote wananitazama. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya bawaba yenye kutu. Nikasema “Asanteni.” Lugha ya pili ikatoroka. Nikabaki nimesimama, machozi ya hofu yakinitiririka. Umati nao ukalia! Muuza magodoro alilia kuliko wote. Binti mdogo wa mbele akaniuliza kama nimemaliza, maana ana njaa. Nikamwambia ndiyo. Hilo nililisema vizuri. Kengele ikapigwa. Viti vimepatikana, vinne vyote na vingine juu yake.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumbani. Mwalimu amempigia Mama simu. Eti hotuba yangu iliwagusa wengi; shule ikifunguliwa nitahutubia wazazi wote. Wote! Nimekaa, nimetafakari safari nzima, nimeona nilipokosea. Kunyamaza hakutoshi. Aliyenyamaza anaweza kuombwa aseme. Lakini asiyesikia, utamwombaje? Basi leo maji ya kuoga yameniingia masikioni, yote mawili. Sisikii kitu. Mama ameniita nikale, sikugeuka. Ameniita tena, nikatazama ukuta. Binamu, aliyekuja kututembelea, ameketi mbele yangu na kunieleza kwa ishara, polepole ili nielewe, kwamba sahani yangu ilikuwa tamu sana.