Saa ya Mama Mkwe na Urafiki wa Mataifa

Jumatatu, 3 Machi

Siasa ya nje imegeuka saa tatu asubuhi. Sijamaliza hata chai! Mheshimiwa Mkuu kasema redioni kwamba nchi jirani, ile aliyoiita nyoka miaka mitatu iliyopita, siku zote imekuwa ndugu yetu wa damu. Ofisi nzima ya itifaki tukaanza kusaka bendera yao. Tukaipata. Ilikuwa inafunika mashine ya kunakili isiingie vumbi.

Balozi wao anarudi Ijumaa. Siku hiyo hiyo Wizara inafungua Ukumbi wa Uwazi: zawadi zote ambazo taifa limepewa na wageni zitapangwa kwenye makabati ya vioo, wananchi waje waone kwamba hakuna mtumishi aliyebeba hata kijiko. Wazo la Mheshimiwa mwenyewe, baada ya magazeti kuuliza maswali mengi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha Katibu Mkuu akasema Balozi ana ombi moja tu. Aione ile saa ya ukutani waliyotupa kabla hatujagombana, ile inayopiga wimbo wa taifa lao kila ikifika saa kamili.

Makofi yakaniishia mkononi. Saa hiyo iko sebuleni kwa mama mkwe.

Nijieleze, daftari ni langu. Tulipogombana na nyoka, iliamriwa zawadi zao zote ziondolewe machoni. Nikaziondoa. Hii saa nikaiondoa mpaka kwa mama mkwe, nikamwambia nimemletea kutoka ng'ambo nilikokwenda kikazi. Ng'ambo kwenyewe sijawahi kukanyaga. Nilikuwa kwenye semina, mtaa wa tatu kutoka ofisini. Lakini tangu siku ile ananiita "mkwe wangu msafiri". Kabla ya hapo aliniita "huyo".

Na ubalozi wetu kule unafunguliwa upya! Nafasi ni moja, tunaoitaka wawili: mimi na Bwana Mafaili wa meza ya dirishani, mtu anayeandika tarehe hata kwenye chupa yake ya maji. Saa ikionekana, napanda ndege kweli, na uongo wangu unageuka ukweli uliochelewa kidogo. Isipoonekana, kazi sina na ukweni sina.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe baada ya kazi. Nikamwambia kwa upole kwamba saa za ng'ambo hupelekwa kwa fundi kila baada ya miaka mitatu. Akajibu kwamba saa yake haijawahi kukosea hata dakika, na mgonjwa asiyeumwa hapelekwi hospitali.

Ikafika saa kumi na moja. Saa ikapiga. Mama mkwe akaacha kukunja nguo, akaimba. Lo! Wimbo wa taifa la watu kautilia maneno yake mwenyewe:

Saa yangu, saa yangu,
kaileta mkwe wangu,
toka ng'ambo, toka ng'ambo,
Mungu amlinde.

Watoto wa jirani wakaitikia dirishani. Wanaujua wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kacheka mpaka kaketi sakafuni. Kisha kasema nimwambie mama yake ukweli. Thubutu! Miaka kumi na miwili nimehangaika kupendwa na yule mama, leo nijishushe mwenyewe?

Nina akili mimi. Nikarudi na hadithi mpya: Wizara inatafuta saa nzuri kuliko zote zilizomo majumbani, iwekwe kwenye kioo wakubwa waitazame. Mama mkwe akauliza kama kweli yake imechaguliwa. Nikasema imeshinda hata bila kura. Machozi yakamlenga. Akaishusha ukutani kwa mikono yake, akaifunga kwenye shuka safi.

Nimeibeba kifuani kama mtoto mchanga. Niliona aibu kidogo. Ilipita.

Alhamisi, 6 Machi

Saa iko kwenye kioo! Katibu Mkuu kanipiga bega, kaniambia nianze kutafuta koti zito maana kule kuna baridi.

Ila Bwana Mafaili kaizunguka mara mbili. Kanusa. Kauliza kwa nini saa ya ghala la serikali inanuka vitunguu. Nikamwambia ghala lina mambo yake. Kauliza na kile kitambaa cha kufuma kilichoning'inia nyuma ni cha taifa gani. Nikakichomoa, nikajipangusia jasho.

Mchana redio ikatangaza: Ukumbi wa Uwazi ni wa wananchi wote, kesho, bila kadi. Ala! Uwazi gani huu usio na mipaka? Mama mkwe akanipigia simu, gauni tayari. Nikamwambia sherehe imesogezwa hadi Jumamosi. Akanishukuru. Mtu mwema sana yule, hana maswali.

Ijumaa, 7 Machi

Hana maswali kwa sababu haniamini. Redio ilisema Ijumaa, akaja Ijumaa. Na majirani sita.

Mimi nilikuwa mbele, karibu na Balozi, mzee mrefu aliyekuja na mkongojo. Hatujui lugha yao, isipokuwa Bwana Mafaili, aliyeisoma kimyakimya miaka yote mitatu tuliyokuwa maadui. Ndiye aliyetafsiri. Ikagonga saa nne. Saa ikapiga wimbo. Balozi akasimama wima, nasi wote wima. Nyuma ya ukumbi ikapanda sauti ninayoijua, na majirani sita wakaidaka, wote wakinipungia mikono.

Balozi akalia. Mwananchi wa kawaida, anaujua wimbo wao! Akaomba atafsiriwe maneno. Bwana Mafaili akatafsiri. Polepole. Kwenye "kaileta mkwe wangu" akanyoosha na kidole kwangu.

Mama mkwe akasogea kwenye kioo, akasoma kibandiko kwa sauti: zawadi kwa taifa, imehifadhiwa na Wizara muda wote. Akauliza imehifadhiwa na Wizara gani, wakati aliyekuwa akiifuta vumbi ni yeye. Kisha akanigeukia, akaniuliza mbele ya watu: ng'ambo nilikwenda au sikwenda?

Nikasema nilikuwa semina.

Akasema njia ya mwongo ni fupi, hata nauli haihitaji. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Iliniuma, nasema kweli, iliniuma kuliko nilivyodhani.

Nikajua nimekwisha. Lakini Katibu Mkuu ni mtu aliyekwishatumikia siasa nne za nje. Akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba katika miaka ile ya baridi, Wizara kwa makusudi iliukabidhi urafiki wa mataifa haya kwa mama mmoja mwaminifu, autunze sebuleni kwake. Makofi! Balozi akamkumbatia mama mkwe, akamwalika kwao akaimbe kwenye sikukuu ya taifa, na akaahidi saa nyingine, mpya, ya kwake mwenyewe, kwa hati.

Atasindikizwa na Bwana Mafaili. Ndiye aliyepewa nafasi ya ubalozi, hapo hapo, makofi hayajapoa. Mimi nimeagizwa barua ya kujieleza.

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya kujieleza: kurasa nne. Jibu la Katibu Mkuu: mstari mmoja. Nimehamishiwa ghala la zawadi, chumba cha chini, niorodheshe kila kitu kwa mkono.

Asubuhi tulimsindikiza mama mkwe uwanja wa ndege. Kanipa mkono kwa ncha za vidole. Mbele ya Bwana Mafaili kaniita "yule wa semina". Halafu akaniuliza nataka aniletee nini kutoka ng'ambo. Nikaapa moyoni kwamba basi, uongo mwisho, kuanzia leo mimi ni mtu mnyoofu.

Hiyo ilikuwa saa mbili.

Saa tatu redio ikafunguka. Mheshimiwa Mkuu kagombana na nchi nyingine, ile ya milimani, aliyoisifu juzi tu. Kasema ni fisi. Amri imeshuka mpaka huku chini: zawadi zao zote ziondolewe machoni.

Zawadi yao ni moja. Zulia, jekundu, zito, halijakanyagwa na mtu. Kwenye orodha yangu bado sijafika kwenye mazulia. Nimelipima kwa hatua: sebule ya mama mkwe litaienea kabisa, kona hadi kona. Atakaporudi alikute limetandikwa. Safari hii sitasema nimelitoa ng'ambo, nimejifunza. Nitasema nimelinunua kwa jasho langu.

Urafiki na wale watu hautarudi tena, Mheshimiwa kasema kwa kinywa chake. Na zulia haliimbi.