Maître Polycarpe Ajiandaa kwa Mtihani

Jumapili, 4 Mei

Siku kubwa! Baada ya misa, wakati wa matangazo, nilishika kipaza sauti na kuwaambia waumini wote kwamba mimi, Polycarpe Mwamba, mkazi wa Evere, nitafanya mtihani wa kuingia kitivo cha sheria. Diploma yangu ya Lubumbashi hawakuikubali hapa Brussels. Donc, mtihani. Miaka yote nimewasindikiza watu wetu ofisi za komini na mahakamani, nikitafsiri maneno ya mawakili. Sasa nataka kusema ya kwangu.

Ni mbinu. Kanisa zima likishajua, sitaweza kuacha. Hamu ya kusoma itakuja yenyewe, kwa aibu.

Walipiga makofi. Maman Marie-Jeanne wa kwaya aliniita Maître, kama wakili. Maître! Nikahisi mabega yangu yanapanuka.

Halafu Bertin, kaka mdogo wa mke wangu, akasimama na kusema yeye pia anafanya mtihani huohuo. Mwizi wa makofi!

Yolande, mke wangu, hakupiga makofi. Njiani alisema, "Masomo ya Flamand uliachaka. Permis ya gari uliachaka. Hii nayo, Polycarpe?" Nilimjibu kwamba mwanasheria hajibu maswali ya namna hiyo barabarani.

Sikusoma leo. Wageni walikuja kunipongeza. Kufungua kitabu mbele ya wageni ni utovu wa adabu.

Jumanne, 6 Mei

Mbinu mpya. Mtu husoma kama anavyovaa. Nimeazima joho jeusi la kwaya kwa Maman Marie-Jeanne. Nimelivaa, nimesimama mbele ya kioo cha chumbani. Ajabu! Hata kidevu kilibadilika.

Nilikuwa nikiitetea nchi nzima mbele ya kabati kengele ilipolia. Jirani wetu wa ghorofa ya chini, Abdul-Aziz, Mtanzania, mtu mpole sana. Aliniangalia kutoka juu hadi chini, akavua kofia.

"Poleni sana," alisema. "Mmefiwa?"

Nilimweleza. Akafurahi, akaniomba ushauri hapohapo: mlinzi wa jengo anamkataza kuweka baiskeli kwenye korido. Nilimwambia, bila kufungua kitabu chochote, kwamba korido ni njia ya umma na sheria iko upande wake. Ilitoka vizuri mno. Nilirudia mara mbili.

Kitabu bado kiko ukurasa wa kwanza. Lakini nina mteja!

Jumamosi, 10 Mei

Mteja amenichongea. Alimwambia mlinzi kwamba "wakili wa ghorofa ya pili" amempa ruhusa. Mlinzi, Madame Cécile, alipanda ngazi mwenyewe kumtafuta huyo wakili. Nilijaribu kuvua joho haraka, likakwama kichwani. Nilimsikiliza nikiwa gizani, mikono juu. Alisema korido ni njia ya kutokea moto ukiwaka, kila mtu anajua, na wakili mwenyewe angejua zaidi.

Baiskeli ya Abdul-Aziz imeshushwa kwenye kava, stoo ya chini ya ardhi. Na yangu pia!

Yolande alinivua joho. Hakucheka. Alikaa kitandani akaniambia polepole kwamba yeye angependa kweli kuniona nimefika, hata mara moja, mwisho wa kitu nilichokianza. Niliangalia dirishani. Nilijibu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Haikuwa kweli. Nimeandika hapa tu.

Jumatano, 14 Mei

Kama siwezi kwenda mbele, bon, Bertin arudi nyuma. Nilipanda tramu hadi kwake Laeken na sufuria ya pondu, majani ya muhogo, na hadithi nyingi za Lubumbashi. Mpango: nimpotezee alasiri nzima.

Mkewe, Carine, alinifungulia. Bertin alikuwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili asisinzie. Vitabu kila mahali. Macho mekundu. Alipoiona sufuria, karibu alie.

"Beau," alisema, ndivyo anavyoniita mimi shemeji yake, "miye nilitaka kuacha kesho. Droit, hii sheria, iko nguvu sana. Kule kanisa nilisimama sababu weye ulisimama. Peke yangu nilikuwa naogopa."

Ushindi! Nilihitaji kusema neno moja tu: acha. Sijui lilikwama wapi. Badala yake nilijisikia nikisema kwamba mimi nimekwisha maliza kitabu kizima, ni chepesi.

Alinishika mkono. Akaniomba nimfundishe sura ya mikataba.

Sura ambayo sijawahi kuiona! Ilibidi niisome kwa sauti, kwa uso wa mwalimu, nikisimama kila mahali nisipoelewa na kumuuliza kwa ukali: "Na hapa, Bertin, unafikiri nini?" Alifikiri. Nami nikafikiri. Mkataba hauhitaji karatasi, kumbe! Watu wawili wakikubaliana, umekwisha fungwa. Tulipiga kelele za furaha mpaka Carine akaja kuangalia.

Ameniomba nirudi kesho. Mwalimu hawezi kukataa.

Jumamosi, 24 Mei

Mtihani. Siku zote hizi nimekwenda Laeken. Kufundisha tu.

Ukumbi mkubwa, vijana wengi. Mimi na Bertin tulikuwa na mvi peke yetu. Msimamizi alinijia mara moja na kuniomba nifute neno "Maître" mbele ya jina langu. Nilifuta, kwa heshima.

Swali refu: muuzaji na mnunuzi waliokubaliana kwa mdomo. Nilitazama upande wa Bertin. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Jumamosi, 7 Juni

TUMEPITA! Wote wawili!

Bertin amenizidi kidogo, jambo linaloonyesha ubora wa mwalimu wake. Alinikumbatia ngazini, akasema bila mimi angeacha. Yolande alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Umefika," alisema. Machozi yalimtoka. Yangu mimi yalikuwa ya vumbi tu.

Kisha akasema ninajua kilichonisaidia: kukaa chini na mtu na kusoma, ukurasa kwa ukurasa. Nilikubali kwa kichwa, ili nisiharibu furaha yake. Kwa kweli ni kipaji.

Jioni Bertin amekuja na vitabu vya mwaka wa kwanza, ametoka navyo maktaba. Anataka tuanze leo leo. Nimemwambia asubiri, nina kazi kubwa zaidi: ninachora kibao cha ofisi yetu. Jina langu juu, lake chini, dogo kidogo. Mizani ya haki imetoka kama vikaango viwili, lakini kwa mbali inapendeza.

Jumatatu nitatafuta ofisi Uccle, mtaa wa matajiri, kwenye miti mingi. Vitabu vitatukuta hukohuko.