Ubao wa Kushikilia Kwenye Mteremko wa Bibi Magdalena

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kupata udhuru, waheshimiwa wajumbe wa kamati mlioketi kwenye viti, ndugu wataalamu washauri kutoka Arusha mjini, wawakilishi wa wafadhili, ambao hawapo lakini tunawahisi, baba mchungaji, na ninyi wazee wetu mliosimama, shikamooni! (Marahaba, hafifu.) Nimesema shikamooni! (Marahaba, hafifu zaidi. Sauti: "Viti vyetu viko wapi?") Viti viko kwenye awamu ya pili.

Kwa jina naitwa Sylvanus, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Ustawi na Usalama wa Wazee Waishio Miteremkoni, na najisikia fahari isiyo kifani kusimama hapa juu ya njia hii iteremkayo kutoka barabarani hadi mtoni, njia ambayo masika iliyopita Bibi Magdalena, huyu hapa mbele, akirudi nyumbani kutoka kupimwa presha, aliteleza akavunjika nyonga, na nyonga hiyo, ndugu wananchi, ndiyo iliyoamsha dhamira yangu, kwani wiki ileile niliitisha warsha. (Makofi kutoka kwenye viti.)

Katika warsha hiyo, iliyofanyika katika hoteli yenye zulia ili kuepusha hatari ya kuteleza, ilibainika kisayansi kwamba asilimia tisini na tisa ya wazee wanaoanguka huanguka kuelekea chini. (Miguno.) Aidha, kwa kuwa tumo katika zama za soko huria, uchangiaji wa gharama na globalaizesheni, mzee hawezi tena kungoja serikali imshike mkono, bali hana budi kuwa stekiholda wa mifupa yake mwenyewe.

Kwa hiyo naagiza. Mzee avae viatu vyenye soli inayokamata, siyo kandambili zilizolika hadi kuonyesha ardhi. Asiinuke kitandani ghafla, akae kwanza kizunguzungu kipite. Familia ziondoe majembe na ndoo mlangoni, ziweke taa karibu na kitanda, na kamwe zisimwache mzee ateremke peke yake njia yenye utelezi. (Fanuel, mtoto wa Bibi Magdalena, aliyempandisha mama yake mgongoni: "Mheshimiwa, nikiwa shambani kwenye kahawa, mama ashike nini?") Swali zuri sana, kijana, na jibu lake ndilo hili mnalolisubiri tangu asubuhi!

(Anavuta shuka. Unaonekana ubao mrefu unaong'aa, vijana wawili wameushika ncha hii na ile. Wazee wanatazamana. Mmoja anavua kofia, anapiga magoti. Wa pili anafuata. Kisha wote, matopeni.)

Oneni shukrani hiyo! Nimefanya ziara ya mafunzo Ulaya, sijapata kuona wananchi wakikipigia magoti kifaa cha usalama. Na mnayo sababu, maana huu ni mninga halisi, umepigwa vanishi, una msalaba uliochongwa katikati, dalili kwamba mkandarasi ni mcha Mungu, na kimo chake kifupi kimezingatia, kitaalamu, wazee waliokwisha kupinda mgongo. (Bibi Magdalena peke yake hajapiga magoti, nyonga haimruhusu. Anajikokota, anaushika ubao kwa mikono miwili. "Huu naujua," anasema.) Anaujua! Ndugu zangu, huo ndio unaitwa umiliki shirikishi! Mpiga picha, mwahi hapohapo! (Picha. Ukungu unashuka kutoka mlimani, mvua inaanza.)

Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Mzee salama! (Taifa imara! kutoka kwenye viti.) Kuanguka! (Mwiko!) Mteremko! (Kimya.)

Mwisho kabisa, namshukuru baba mchungaji kwa kutuazima ubao huu wa madhabahuni kwa ajili ya picha za ripoti, nami nimemwahidi kiungwana kwamba utarudi kanisani kabla ya Jumapili, watu wapate pa kupigia magoti kwenye meza ya Bwana. Nawashukuru vijana walioushikilia usidondoke, kwani mashimo ya nguzo hayakuchimbwa, bajeti ya mashimo ikiwa imehamishiwa kwenye zulia, yaani kwenye warsha. Namshukuru pia mkandarasi, ambaye tutamtafuta wafadhili watakapoiona picha na kukubali kwamba mradi umekamilika.

Sasa gari la mradi linaondoka kabla barabara haijaharibika. Wazee, teremkeni polepole, mkizingatia elimu mliyoipata. Vijana, beba. (Vijana hawabebi.) Bebeni, jamani, mvua hiyo! (Fanuel: "Mama bado ameushika, mheshimiwa.")

Bibi Magdalena, shikamoo mama yangu. Tafadhali uachie. (Haachii.) Bibi, uachie tu. Picha imeshapigwa.