Wakataji wa Ndani ya Uboho Wangu Hawajaleta Kreti

Jabe, Bujumbura

Kwa Daktari Orlane,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote. Ni mimi Rénovat, mpiga video za harusi, yule mgonjwa wako wa saratani ya damu. Nakuandikia kulalamika, na nakuomba usome ukiwa umeketi.

Juma lililopita ulinieleza kwamba kila seli hunakili maagizo yake kwenye kitu kiitwacho RNA, kisha wapo wakataji wanaoondoa vipande visivyotakiwa na kuunga vinavyobaki. Wa kwangu, ukasema, wameharibika: wanakata pasipofaa, na damu yangu inatengenezwa kwa maagizo mabovu. Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Kazi hiyo ni yangu. Kukata na kuunga picha ndiko kunakotulisha mimi na mke wangu Daphrose. Kumbe ndani ya uboho wangu kuna watu wanahariri mchana na usiku bila kunionyesha hata kipande kimoja. Ningewashauri.

2. Wakataji hao hawana adabu. Mimi nilipokata kwa bahati mbaya hotuba ya baba mdogo wa bwana harusi kule Carama, familia iliniita. Nikapeleka kreti ya bia, tukanywa pamoja, nikasamehewa, na mpaka leo tunasalimiana. Hawa wameharibu damu nzima na hawajaleta hata chupa. Naomba uwaite.

4. Dawa yako ya majaribio ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Unasema itawavuruga wakataji kidogo zaidi: seli zenye afya zitastahimili, ila zile mbovu, ambazo tayari zimelemewa na makosa yao, zitashindwa na kufa. Yaani mlevi anayeyumba unamwongezea chupa ili aanguke kabisa. Na ukiwasumbua wakataji hao leo, kesho utanijia mimi, kisha mafundi cherehani wa sokoni, kisha vinyozi, mwishowe Bujumbura nzima hakuna atakayethubutu kushika mkasi. Kwa mshikamano na wenzangu wote wa mkasi, nakataa kuimeza. Jumatatu usinisubiri.

Nisalimie wauguzi, hasa Chanelle, anayenitoa damu huku akinisimulia harusi yake ijayo, na mlinzi wa getini pia.

Mwenzako katika kurekebisha yaliyoharibika,
Rénovat

P.S. Utaona nimeruka namba tatu. Daphrose aliisoma barua akaniambia, "Apana, hiyo toa. Munganga umuandikie mambo ya kazi. Ya woga utaniambia mi." Nikakata, kama nilivyozoea. Lakini bila kipande hicho barua nzima inasema jambo jingine, na kosa la namna hiyo nimeshalilipia Carama. Nakirudisha hapa:

3. Naogopa, Daktari. Hayo mengine yote ni maneno.

Jumatatu nitakuja kuimeza. Kreti nitaleta mimi.