Kufukuza Moshi kwa Moshi

Jumatatu, 10 Februari

Asante Mungu kwa simu ya asubuhi, ingawa imenipandisha presha. Mke wangu Jepleting yuko Naivasha tangu Krismasi, anamsaidia binti yetu Chepchumba aliyejifungua. Wanakuja Jumamosi! Na mtoto! Mjukuu wangu wa kwanza, hapa kwangu Section 58, Nakuru!

Halafu akaongeza la pili. Chepchumba ameapa: akisikia harufu ya sigara, hata ya juzi, hashuki kwenye gari. Mtoto ataendelea na safari hadi Bomet kwa wakwe, na huko ndiko atakakopewa jina.

Nikamwambia Jepleting nyumba inanukia kama madhabahu. Si niliacha sigara Mwaka Mpya? Si nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi? Nilikuwa nimeketi kwenye sofa nikisema hayo. Nilikuwa nimewasha.

Suala la jina si mchezo. Kwetu jina la ukoo haliokotwi tu. Wazee wanamtajia mtoto marehemu mmoja mmoja, na akipiga chafya, basi huyo aliyetajwa ndiye amerudi. Mtoto huyu wa kike alizaliwa hospitalini, manesi wana haraka, hakuna aliyemtajia mtu. Mkwe wangu Kipngetich amekubali tuanze kutaja sisi. Kijana mwema, Mungu amzidishie.

Mama yangu Tapkigen alituacha mwaka juzi. Hakuna mjukuu wala kitukuu anayeitwa jina lake. Nataka mama yangu arudi. Aliondoka bila meno, akirudi bila meno si neno.

Nimefungua madirisha yote. Nimepulizia mapazia marashi ya Jepleting, chupa nzima. Sasa nyumba inanuka kama baa siku ya harusi.

Jumanne, 11 Februari

Jirani Wanyoike alikuja kurudisha jembe. Huyu tulivuta naye miaka na mikaka, kisha mwaka jana akaacha ghafla, bila hata ushuhuda. Tangu hapo ana pua ya mbwa wa polisi. Alisimama mlangoni, akanusa, akasema ananihurumia. Sitaki huruma ya mtu anayefuga mbuzi mjini.

Nikaenda kwa Mama Wamaitha wa kibanda cha mandazi. Mwanamke wa maana sana! Alisema harufu imelala kwenye viti. Ninyunyize magadi ya kuokea, niyaache kidogo, kisha nipanguse. Ataombewa na mimi kila Jumapili.

Nilishuka mpaka duka moja la Bondeni na kuomba magadi. Muuzaji akauliza nina ng'ombe wangapi. Nikaona ananitafutia heshima. Nikamwambia sita. Akanifungia mfuko ambao nusura univunje bega.

Jumatano, 12 Februari

Magadi yalikuwa mawe. Nikayatwanga kwenye kinu cha Jepleting mpaka yakawa unga, nikamwaga yote juu ya sofa. Nikaacha mlango wazi ili hewa ipite, nikaenda kujinyoosha nyuma ya nyumba.

Kurudi, mbuzi wa Wanyoike wote wako sebuleni. Wanalamba! Mmoja amepanda juu ya kochi kama mgeni rasmi, mwingine anatafuna foronya ya mto. Kumbe nilinunua yale magadi ya kulambisha mifugo! Yule mzee wa Bondeni hakuwa ananiheshimu, alikuwa anapima dozi.

Wanyoike alikuja kuwatoa akicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hajawahi kuona mbuzi wake wakifurahi hivyo, na kama nitafungua tena hoteli nimjulishe.

Hata hivyo nashukuru. Sofa limelambwa vizuri, hakuna punje iliyobaki. Linanuka sigara na mbuzi, lakini ya mbuzi iko juu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimefua mapazia kwa dawa ya kutoa madoa. Yalikuwa ya buluu. Namshukuru Mungu kwamba Jepleting hakuyapenda sana. Au aliyapenda? Nitasema ni jua.

Nilivuta mbili ili kutuliza mawazo. Dirishani lakini. Kichwa nje.

Ijumaa, 14 Februari

Haleluya! Nimepata!

Nilikuwa nimelala chali nikimkumbuka mama. Nikamwona jikoni na vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Kibuyu kikichacha na kunuka, mama hakuwa na marashi wala magadi. Alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akakisugua ndani kikiwa na moto, moshi ukatoka, na harufu mbaya yote ikakimbia. Maziwa yakitiwa humo yananukia mpaka unasikia njaa hata kama umeshiba. Sasa jamani, nyumba ni nini kama si kibuyu chenye madirisha? Mama mwenyewe amenionyesha njia ya kumleta!

Mbio mpaka sokoni. Mama anayeuza mursik alikuwa na vijiti vya senetwet. Akauliza nina vibuyu vingapi. Nikamwambia kimoja, ila kina vyumba viwili vya kulala. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniongezea vijiti bure. Watu wa Nakuru wana roho nzuri.

Nikafunga madirisha, nikachoma vijiti kwenye karai, nikazunguka nyumba nzima nikisugua kuta kwa makaa. Macho yalitoka machozi. Kuta zimepata michirizi myeusi, lakini harufu! Woi! Harufu ya jikoni kwa mama! Nilikaa chini sakafuni nikalia kidogo. Sioni haya kuandika.

Shida moja. Harufu ilivuka ua. Huku kwetu mursik ikinukia mtaani na hakuna harusi, watu wanajua kuna mkimbiaji ametoka ng'ambo na medali, anakuja kuonjeshwa. Jioni mzee wa kanisa, Hezekiah, alifika na kina mama wanne, wamevaa vizuri, wakauliza ni nani kwangu ameshinda na ni mbio gani. Ningesema ukweli, ningesema na sigara. Nikajibu kwamba mambo haya hayatangazwi kabla ya wakati. Wakafurahi sana. Wamesema kesho watakuja na nyimbo.

Jumamosi, 15 Februari

Siku kubwa! Acha niandike yote.

Gari lilifika saa nne. Kina mama wakaanza kuimba langoni. Chepchumba alitoa kichwa dirishani akauliza ni nani ameshinda nini. Hezekiah akatafuta medali ndani ya gari, akaona mtoto. Nikasema kwa sauti kwamba mshindi ndiye huyo, ametoka mbali kuliko wote. Wakaimba mara mbili! Mungu hunipa maneno wakati wa dhiki.

Chepchumba akaja mpaka mlangoni, amemkumbatia mtoto, akanusa. Akanusa tena. Machozi yakamlengalenga. Akasema pananukia kama kwa nyanya yake Tapkigen, yeye alipokuwa mdogo, likizo za Desemba. Akaingia! Jepleting aliangalia mapazia, akaangalia kuta, akaniangalia mimi. Yale macho nayajua, lakini nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kwa kuwa wazee walikuwapo, Hezekiah akasema tusipoteze wakati. Akaanza kutaja. Akamtaja nyanya wa Kipngetich. Mtoto analala. Akamtaja mama mkubwa wa Jepleting. Mtoto akapiga miayo. Akawataja wawili wa Bomet, kwa haki. Kimya.

Nikaomba nimshike mwenyewe. Nikamweka kifuani, pua yake kwenye kola ya koti. Mwepesi jamani! Nikamnong'oneza: Tapkigen.

Chafya!

Vigelegele! Hezekiah akainua mikono. Mimi nalia wazi wazi, namwita mama, mama. Chafya ya pili! Kina mama wakasema ajuza kaja kwa nguvu. Chafya ya tatu. Ya nne. Sasa vigelegele vinapungua. Kwenye ya sita Jepleting akasogea polepole, akainamisha pua kwenye kola yangu.

Alisema neno moja tu, mbele ya kanisa zima: kikulacho ki nguoni mwako, Baba Chepchumba.

Chepchumba akamchukua mtoto. Akasema nyumba haina neno, nyumba iko sawa kabisa, ni baba ndiye hajafukizwa. Wanyoike, aliyekuwa ameketi kwenye kochi la mbuzi wake, alikohoa kwa kicheko. Nilidhani jina limekwenda. Nikamgeukia Hezekiah.

Mzee akafikiri. Akasema wahenga hawakuuliza mtoto amepiga chafya kwa sababu gani. Tena zamani, mtoto akichelewa, wazee walimnusisha ugoro kidogo. Chafya ni chafya. Anaitwa Tapkigen.

Mungu ambariki mzee huyu, na ng'ombe wake, na watoto wa ng'ombe wake.

Jumapili, 16 Februari

Hawakuondoka! Watakaa mpaka Pasaka. Koti langu liko kwenye kamba nje, na mimi karibu nilale kando yake. Amri ya Jepleting: simshiki mtoto mpaka niache sigara kweli, bila ushuhuda. Namwangalia nikiwa mlangoni. Akilala anakunja midomo vile vile alivyokunja mama akinikasirikia. Nimemwamkia kwa heshima. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha hivi.

Kanisani leo nilitoa sadaka ya shukrani, na wakati wa mahubiri nikatafakari kwa kina. Wanadai sigara imeniaibisha. Lakini tuseme ukweli wa Mungu. Ningekuwa nimeacha Mwaka Mpya, koti lingekuwa safi. Koti lingekuwa safi, mtoto angelala. Mtoto angelala, mama yangu angekuwa bado anazunguka huko aliko, hana wa kumwita. Nani amemleta mama? Si Hezekiah.

Na Chepchumba amesema leo mezani kwamba angependa siku moja apate mvulana. Jina la baba yangu nalo bado halijapewa mtu.

Kwa hiyo haiwezekani niache sasa. Niko nyuma ya tangi la maji, nimewasha moja tu, na nimekwenda kuchukua koti kwenye kamba ili lisipoteze nguvu.