Mkono wa Koti na Mpira Uliokwenda Kulia

Cheektowaga, New York
9 Februari

Kwa Bwana Corwin Tadlock,
Mpigaji mateke wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani.

Bwana Tadlock,

Salamu nyingi, na pole kwa yaliyokupata. Mimi ni Russell Hackett, fundi bomba, mume wa Paulette, na kwa wiki tatu sasa najulikana mtaani kwetu kuwa ndiye niliyekukosesha lile goli. Sikuandikii kukulaumu. Wa kukulaumu wapo wa kutosha, na mimi nilikuwa mstari wa mbele mpaka lawama zilipohamia kwangu.

Unakumbuka hali ilivyokuwa: mechi ya mtoano, sekunde saba zimebaki, tuko nyuma kwa pointi mbili, na teke lako moja katikati ya milingoti lingetupa tatu. Mimi nilikuwa maili kumi na moja kutoka uwanjani, katika chumba cha chini cha nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Chester Pawlak. Mle ndani kuna sheria. Kila mtu hukaa pale alipokaa tuliposhinda mara ya mwisho, soseji hazitolewi motoni, na hakuna anayesema kitu mpaka mpira upite. Mimi nimeoa tu pale, kwetu ni Ohio. Nikasema, "Hiyo rahisi, mzee, imeshaingia," huku nikipitisha mkono kwenye koti ili nikawashe gari lipate joto. Mpira ukaenda kulia, nje ya mlingoti, tukatolewa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiti changu, kilichokuwa kando ya kiti cha mzee kwa miaka kumi na miwili, kimeondolewa na kutupwa gereji kwake, banda la kuegeshea gari. Mahali pake pamewekwa ndoo. Mzee hakupiga kelele. Alizima televisheni, akasema, "Haya Russ, nenda kawashe hilo gari lako." Afadhali angenitukana. Mechi zilizobaki, za timu nyingine, Paulette na mtoto walikwenda kuzitazama kwa mzee, mimi nikabaki nyumbani na mbwa.

2. Shemeji yangu Norb ameirudia kuitazama mechi kwenye video mara kumi na nne, na anadai mguu wako uligusa mpira wakati uleule vidole vyangu vinatokeza kwenye mkono wa koti. Nilipomuuliza amejuaje, akajibu, "Shemeji, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilijua tu utatuharibia." Naomba uone ni watu wa namna gani ninaoishi nao. Sekunde saba za mwisho, na mtu mzima anatazama koti.

3. Wiki hii ni ya maandazi ya jamu, kabla ya Kwaresima, nami niliagiza dazeni kama kila mwaka. Mama wa duka alisoma jina langu, akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe wa koti?" Nilipofika nyumbani, maandazi yote kumi na mawili hayakuwa na jamu. Niliyapasua moja moja kuhakikisha.

4. Padri alihubiri juu ya watu wanaoshangilia kabla ya wakati. Hakutaja jina, ila alikazia macho safu ya tano. Safu hiyo nilikuwemo mimi na bibi mmoja wa miaka tisini, naye alikuwa amelala.

5. Binti yangu Maddy, mwenye miaka tisa, aliambiwa shuleni aandike insha kuhusu mtu aliyebadili historia ya mji wetu. Ameniandika mimi. Amepata alama zote.

Sasa nakuuliza kwa akili za kawaida. Kama koti langu linasukuma mpira kutoka umbali wa maili kumi na moja, kwa nini timu haijaniajiri? Niwe navaa na kuvua kila wapinzani wanapopiga. Mimi ambaye siwezi hata kumfanya mbwa wangu ashuke kwenye kochi!

Kwa hiyo naomba uniandikie barua, na uitie sahihi, ukimthibitishia Mzee Chester kwamba hunijui, kwamba siku ile hukuona koti lolote, na kwamba kosa ni la mguu wako peke yake. Najua ni ombi zito. Ukiona aibu, niko tayari kubeba robo ya kosa, mradi nirudishiwe kiti.

Wasalimie wachezaji wote, kocha, yule anayekushikia mpira, na mama yako, ambaye nilimtaja vibaya siku ile. Naomba radhi.

Mimi niliyekosa pamoja nawe,
Russell Hackett

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mlango umegongwa. Ni Mzee Chester, na magoti yake yale mabovu, amebeba kiti changu kwenye theluji. Ana miaka themanini na tatu, na tangu ujana anasubiri timu hii itwae ubingwa. Ameniambia, "Rudi bwana Russ. Ni mpira tu ule." Nimelia mbele yake bila haya. Kisha nimemwambia asante, lakini mechi zako zote za mwakani nitakaa gereji kwake, kwenye kiti hichohicho, redio imezimwa. Kwa umri wake hatuwezi kubahatisha. Basi barua usiandike tena, na ukipiga usiwe na wasiwasi. Koti nimeshampa Norb alifungie kabatini.